Elimu ya Vidole: Habari za Kupiga Chapa bila Kutazama

Huko Madale, katika kata ya Wazo, Wilaya ya Kinondoni, si mbali na kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1966, zamani mashamba yalikuwa mengi kuliko nyumba. Leo viwanja vyapimwa na kuuzwa, na kando ya barabara pana maduka ya kila namna. Miongoni mwake yako yale ambayo watu huyaita steshenari, ambamo kijana hukaa mbele ya kompyuta akiwapigia chapa wenye haja: huyu barua ya kuomba kazi, yule taarifa ya kikao cha kikoba, na mwingine hati ya mauziano ya kiwanja.

Na tuchukue mfano mmoja, ambao kila akaaye penye viwanja ataufahamu. Mzee analeta karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Mstari wa tatu wasema kwamba upande wa mashariki kiwanja kimepakana na njia ya watu wote. Mstari wa nne wasema kwamba upande wa kusini kimepakana na shamba la minazi. Kijana anasoma maneno mawili, anainamisha kichwa kutafuta herufi, anazipiga, kisha anainua kichwa kutafuta mahali alipoachia. Akiisha kupiga neno "kimepakana" la mstari wa tatu, macho yake yanarudi karatasini na kutua juu ya "kimepakana" la mstari wa nne. Mara njia ya mashariki imepotea, na shamba la minazi limehamia upande usio wake. Mzee hakuja na miwani, mashahidi wana haraka, na wote watia sahihi. Siku jirani atakapojenga ukuta juu ya ile njia, hati haitakuwa na neno la kumsaidia mzee.

Kosa hili si la moyo mbaya, wala si la ujinga. Ni kosa la macho yaliyopewa kazi mbili kwa wakati mmoja. Tena ni la kale sana. Wanachuoni wanaolinganisha nakala za zamani za Maandiko Matakatifu, zile zilizoandikwa kwa mkono, wamekuta mahali pengi ambapo mwandishi aliruka maneno kwa sababu neno moja lilitokea mara mbili karibu karibu. Jicho lake lilikwenda kwenye kalamu, na liliporudi likashika mahali sipo. Basi nataka kueleza jinsi watu walivyopata dawa ya kosa hili, yaani ustadi wa kupiga chapa kwa vidole vyote bila kuvitazama, na kwa nini ustadi huo wamfaa hata mtu asiyefanya kazi ofisini.

Kabla ya mashine ya kuandikia kuenea kwetu, ilitangulia kazi nyingine iliyo ndugu yake. Mwaka 1864 Edward Steere alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu, naye alikuwa na bidii nyingi ya kupiga chapa maandishi ya Kiswahili. Vijana waliookolewa katika utumwa wakafundishwa kazi ya mtambo wa chapa, na mwaka 1888 gazeti liitwalo Msimulizi likaanza kutolewa Kiungani. Katika kazi hiyo kila herufi ni kipande kidogo cha madini, na vipande vyote hukaa katika kasha lenye vyumba vingi. Vyumba hivyo havifuati taratibu ya alfabeti, bali herufi itumikayo sana hupewa chumba kikubwa karibu na mkono. Mwanafunzi hutafuta kila herufi kwa macho, na kazi yake hukawia. Bali fundi, mkono wake hujiendea wenyewe kwenye chumba cha a au cha m, na macho yake hubaki juu ya karatasi anayoinakili. Kwa hiyo elimu ya vidole si jambo geni katika nchi zetu, wala si ajabu kwamba lugha yetu imetumia neno moja, kupiga chapa, kwa kazi ya mtambo mkubwa na kwa kazi ya mashine ndogo ya mezani.

Sasa tuitazame mashine yenyewe. Twaweza kusema kwamba ilizaliwa kwa ajili ya watu wasioona na wasiosikia. Barua ziko mpaka leo zilizopigwa mwaka 1808 na mwanamke wa Kiitalia, Carolina Fantoni, aliyekuwa kipofu, kwa mashine aliyotengenezewa na rafiki yake Pellegrino Turri. Yeye hakuweza kutazama vidole vyake hata kama angalitaka, na hata hivyo aliandika. Katika nchi ya Denmark alikuwako mchungaji Rasmus Malling-Hansen, mkuu wa shule ya viziwi ya Copenhagen. Aliwaona wanafunzi wake wakizungumza kwa ishara za vidole upesi kuliko mtu awezavyo kuandika kwa kalamu, akawaza, "Kama vidole vyaweza kusema upesi hivi, kwa nini visiandike?" Akabuni mashine ya umbo la nusu mpira, ambayo mwaka 1870 alipata hati ya kuilinda, na herufi zake alizipanga ili zile zitumikazo sana ziangukie vidole vyepesi.

Lakini mashine iliyoenea duniani ilitoka Marekani. Mwaka 1868 Christopher Latham Sholes wa mji wa Milwaukee, pamoja na wenzake Carlos Glidden na Samuel Soule, walipata hati ya mashine yao. Mwaka 1873 kazi ya kuitengeneza ilichukuliwa na kampuni ya Remington, waliokuwa mafundi wa bunduki na wa cherehani, na mwaka 1874 ikaanza kuuzwa. Mtu wa kwetu angaliiona angalidhani ni cherehani kweli, maana ilichorwa maua ubavuni, ikasimamishwa juu ya meza yake, na chini ilikuwa na kibao cha kukanyaga kwa mguu ili kurudisha karatasi mwanzo wa mstari. Iliandika herufi kubwa tu, na herufi ziligonga karatasi kwa chini, hata mwandishi hakuyaona maneno yake mpaka ameinua sehemu ya juu. Mwaka 1878 ikatoka mashine ya pili, yenye kitufe cha kubadilisha herufi kubwa na ndogo. Mpango wa herufi wa mashine hizo, unaoanza juu kwa Q, W, E, R, T, Y, ndio tulio nao hata leo. Wengine husema ulipangwa hivyo ili vyuma vya herufi visigongane, na wengine wapinga. Lililo hakika ni kwamba mpango ule umedumu.

Hapo mwanzo watu wengi walipiga kwa vidole viwili au vinne, huku wakitazama vitufe. Mwaka 1882 mwalimu mmoja wa mji wa Cincinnati, Bibi Elizabeth Longley, alitoa kitabu cha mafunzo akihimiza vidole vyote vitumike. Wengine walimpinga, wakisema kidole cha mwisho ni dhaifu mno, hakitaiweza kazi. Ubishi ukaendelea mpaka tarehe 25 Julai 1888, ambapo katika mji huo huo palifanywa mashindano baina ya watu wawili, Frank McGurrin na Louis Traub. McGurrin alikuwa mwandishi wa mahakama wa Salt Lake City, naye alikuwa amejifundisha mwenyewe kupiga bila kutazama. Dau lilikuwa dola 500. Kwa dakika 45 waliandika maneno waliyosomewa, na kwa dakika 45 nyingine walinakili karatasi ambayo hawakuwa wameiona kabla.

McGurrin alishinda, akipiga zaidi ya maneno 90 kwa dakika. Lakini jambo lenye mafunzo kuliko yote ni hili: walipoingia katika kunakili, McGurrin aliongeza mwendo, na mwenzake akapunguza. Kwa nini? Yule aliyetegemea macho kwa vidole vyake sasa alitakiwa kuyatumia kwa karatasi pia, na mtu hawezi kuyaweka macho yake mahali pawili. McGurrin hakupotezewa kitu, maana tangu mwanzo macho yake hayakuwa na kazi vitufeni. Hapo twaona kwamba faida ya elimu hii si haraka tu. Haraka ni tunda lake. Shina lake ni kwamba macho huwa huru kuliangalia neno lililoandikwa.

Faida ya pili ilionekana kwa wanawake. Mwaka 1881 Chama cha Wanawake Vijana wa Kikristo cha New York kilianza darasa la kuwafundisha wasichana mashine hii, na watu walioona haya au hatari katika jambo hilo walinung'unika. Hata hivyo wasichana wale walipata kazi, na wengi wakafuata, mpaka kazi ya ofisini, ambayo hapo zamani ilikuwa ya wanaume, ikawa mlango kwa binti wa mtu maskini kujipatia riziki ya halali kwa mikono yake. Na Helen Keller, mwanamke wa Marekani aliyekuwa kipofu na kiziwi, alitumia mashine ya kupigia chapa katika kuandika habari za maisha yake, kitabu kilichotoka mwaka 1903.

Tukirudi kwetu, Wadachi walipotawala, na baada yao Waingereza, ofisi zilihitaji makarani, na makarani wengi walitoka katika shule za misheni na za serikali. Mmoja mashuhuri ni Martin Kayamba, aliyezaliwa mwaka 1891, akasoma Kiungani, kisha akawa karani mkuu huko Tanga. Mwaka 1922 yeye na wenzake waliunda chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Watu wa namna hiyo waliheshimiwa vijijini, maana barua iliyopigwa kwa mashine ilionekana kuwa na sauti ya serikali. Lakini heshima hiyo ilikuwa na upande wa pili: asiye na mashine, wala mtu wa kumpigia, alikuwa kama asiye na kinywa mbele ya ofisi.

Ndipo twaweza kuona kwa nini chombo hiki kilithaminiwa na waliodai uhuru. Mwaka 1957 chama cha TANU kilianza gazeti dogo, Sauti ya TANU, ambalo halikutolewa kwa mtambo mkubwa bali kwa kudurufu. Wasomaji waliofundisha shule zamani waikumbuka kazi hiyo. Karatasi ya stensili hutiwa katika mashine, utepe wa wino huondolewa njiani, na kila herufi hutoboa nta. Kisha stensili hufungwa katika mashine ya kudurufu, nayo hutoa nakala mamia. Kosa moja likipita, limekwisha kuwa makosa mamia. Na kulisahihisha ni kulipaka dawa, kungoja ikauke, na kupiga upya. Kwa hiyo mpigaji alipaswa kuyakaza macho juu ya maandiko na kuviamini vidole. Na maneno yenyewe yalikuwa mazito: mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa makala yaliyotoka katika gazeti hilo, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Mtu hashtakiwi kwa maneno yasiyosikiwa. Karatasi ile nyepesi ilikuwa imefika mbali.

Baada ya uhuru, na hasa tangu mwaka 1967, Kiswahili kilipowekwa kuwa lugha ya kazi za serikali, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria, ofisi zikahitaji watu wa kuandika Kiswahili kwa haraka na kwa usahihi. Tabora pakawa na Chuo cha Uhazili, ambacho baadaye kiliingia katika Chuo cha Utumishi wa Umma, na wahazili wengi wamepita hapo. Kwa miaka mingi matangazo ya kazi hiyo yametaka mtu aliyefaulu hatimkato ya maneno 100 kwa dakika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Hatimkato ni alama fupi za kunasa maneno ya msemaji. Mtu akiisha kuyanasa, huketi kuyapiga chapa, na hapo macho hayana budi kukaa juu ya zile alama.

Kompyuta zilikawia kuenea kwetu. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, baada ya jaribio la kuzitumia katika hesabu za Hazina kwenda kombo. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, na leo kompyuta imezishika meza ambazo zamani zilikuwa za taipureta. Lakini tazameni ajabu: ubao wa vitufe, ambao watu huuita kibodi, ni ule ule wa Sholes. Hata simu ya mkononi ya mama auzaye mboga Madale ina Q, W, E, R, T, Y kwenye kioo chake. Aliyejifunza vidole kwa mashine ya chuma hakupoteza kitu mashine ilipobadilika, maana ujuzi ulikuwa mikononi mwake.

Je, mtu hujifunzaje? Huhitaji akili ya pekee. Katika mstari wa kati, vidole vinne vya mkono wa kushoto hukaa juu ya A, S, D, F, na kidole cha shahada huwa juu ya F. Cha shahada cha mkono wa kulia hukaa juu ya J, na vinavyofuata juu ya K, L na kitufe cha nukta mkato. Vidole gumba ni vya kuacha nafasi. Papasa F na J katika kompyuta yako, utakuta kinundu kidogo kimewekwa makusudi, ili vidole vijue nyumbani kwao gizani. Kila kidole hutoka kwenda kwenye herufi zake za juu na za chini, kisha hurudi nyumbani. Mwanafunzi hufunika mikono yake kwa kitambaa, au huweka picha ya vitufe ukutani mbele yake, akaitazama hiyo badala ya vidole.

Na hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati yake. Vokali iliyo katika mstari wa kati ni a peke yake, na maneno yetu mengi huridhika na vokali hiyo moja. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, bila kutoka katika mstari wa kati, mwanafunzi wetu aweza kuandika dada, kaka, sala, sadaka, ghala, jalada, kasha na shaka. Kiswahili sanifu hakina Q wala X, na C haiji ila pamoja na H, basi anayo machache ya kutafuta. Taabu yetu ni moja: a, ambayo lugha yetu huitumia mno, imeangukia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote. Nacho lazima kifanyishwe mazoezi, kama mtoto mdogo apewaye mtungi mdogo kwanza.

Majuma ya kwanza yatakuvunja moyo. Aliyekuwa akipiga kwa vidole viwili atajiona amerudi nyuma, na atashawishika kutazama. Asitazame. Robo saa kila siku yafaa kuliko saa tatu za Jumamosi moja, maana vidole hukumbuka kwa kurudiwa. Wazee wetu walisema, papo kwa papo kamba hukata jiwe. Na afuate usahihi kwanza. Mwendo utakuja wenyewe. Mtu apigaye maneno 15 kwa dakika hutumia dakika 20 kwa ukurasa wa maneno 300. Akifika maneno 40, ukurasa ule ule ni chini ya dakika nane.

Labda mmoja atasema, "Mimi ni mkulima, au ni mama wa nyumbani, haya yanihusu nini?" Yakuhusu kwa njia mbili. Kwanza, mtoto wako amalizaye shule aweza kujifunza jambo hili kwa kompyuta kuukuu, na kulitumia awapo mwalimu, mganga, karani wa mahakama au mwenye duka lake mwenyewe. Pili, barua yako ya siri, taarifa ya kikundi chako, na hati ya shamba lako hupita katika vidole vya mtu fulani. Ukiweza, viwe vidole vyako, au vya mwanao. Na kama havitakuwa, basi ujue kumchagua mpigaji: mtazame macho yake yako wapi anapofanya kazi. Tena usitie sahihi mpaka umesoma kila mstari na kuulinganisha na karatasi uliyokuja nayo.

Turudi, basi, kwa yule mzee wa Madale na hati yake. Kama kijana angalikuwa amejifunza, macho yake yasingaliiacha karatasi. Yangaliteremka mstari kwa mstari, kama mtu ashikaye kamba kisimani mkono kwa mkono, na njia ya mashariki ingaliandikwa mahali pake. Hakuna atakayemsifu kijana kwa jambo hilo, wala mzee hatajua kwamba aliokolewa. Lakini miaka mingi baadaye watoto wa mtaa watapita katika njia ile wakienda shule, na ukuta hautakuwapo.